Pua ya Kikundi

Katika kikundi chetu cha wakulima wa kahawa hapa Maguu, mimi ndiye niliyekuwa pua. Kila mwanachama alileta kahawa yake ikiwa imekwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa. Nikachota kiganja, nikanusa, nikasema ndiyo au hapana. Nikikataa, mtu alirudi nayo nyumbani amenuna. Nilikuwa mkali, sifichi, na ukali huo niliupenda.

Msimu uliopita niliteremka Mbamba Bay kwenye semina ya akina mama wa parokia. Mada ilikuwa utii. Nyumbani nilikuwa nimeiacha kahawa yangu kwenye tangi, nimeivundika ili ute wake uachie. Ukiivundika siku mbili inaoshwa vizuri. Ukiisahau, inavunda. Semina iliisha Jumamosi, lakini wenyeji wetu wakasema kesho kuna samaki wa ziwani, mbasa wa kukaanga, tena na kwaya, na mimi kwa mbasa sina ujanja. Nikabaki, wala nyumbani sikuwa nimemwagiza mtu aioshe. Niliporudi Jumatatu, harufu ilinipokea kabla ya mbwa.

Niliiosha mara nne, nikaianika. Ilipokauka ilikuwa na rangi nzuri kuliko ya jirani.

"Ikishakauka hainuki," mume wangu alisema.

Ilinuka, ila kidogo, kwa mtu anayejua kunusa. Ijumaa ya wiki iliyofuata nilipoipeleka ghala la kikundi niliinusa tena, nikajiambia harufu imekwisha. Hakuna mwingine aliyeinusa. Nani angeinusa? Nikaimwaga juu ya lundo la wenzangu, nikachanganya kwa koleo.

Jumamosi sikutulia. Nilifagia uwanja mara tatu. Nilipanda shambani kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni, nikachimba moja na nusu, nikarudi. Nilishika rozari nikasahau niko fumbo la ngapi. Punje chache zilizovunda zinaharibu kikombe kizima. Hilo nililifundisha mimi mwenyewe. Wanunuzi wakionja, kahawa yote itashushwa daraja, na familia kumi na tatu zilikuwa zimeweka humo jasho la mwaka mzima. Kisha nikawaza, labda hawatazionja punje hizo. Nilijichukia kwa hiyo labda, lakini niliishika mpaka jioni.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kusoma somo la kwanza. Nilisoma vizuri, sikukwama hata neno moja, na hilo ndilo lililonitisha. Niliona kabisa kwamba naweza kuendelea kuishi hivi. Baada ya misa nikamfuata mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, alipokuwa akifunga kanga yake mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye lile lundo kuna kahawa yangu iliyovunda. Nilijua, nikaimwaga."

Alimaliza kuifunga kanga. "Lori linakuja kesho," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi litarudi tupu."

Jumatatu walikuja wote. Tulilitandaza lundo zima kwenye vichanja vya kuanikia, tukaanza kuchambua punje kwa punje. Ukiibandua ganda, iliyovunda ndani ina rangi ya hudhurungi, nzima ina ukijani. Kazi hiyo siku zote huimbiwa, siku hiyo hakuna aliyeimba. Mbele yangu alikaa mwanamke ambaye niliwahi kumrudisha na kahawa yake mara mbili msimu mmoja. Alichambua bila kuinua macho. Heri angenitukana. Kule semina tuliandika kwenye madaftari kwamba anayetii hupata utulivu. Mimi sikuupata. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira hata na mbasa yule, upuuzi mtupu.

Siku ya tatu alasiri tukafika mwisho wa kichanja cha mwisho. Mwenyekiti akachota kiganja, akaninyooshea mbele ya watu wote.

"Nusa, utuambie."

Ulikuwa msamaha, na kila mtu aliuona. Watu waliacha kupangusa mikono. Niliinamisha uso kwenye kiganja chake nikasikia harufu safi kabisa, na papo hapo nikatambua jinsi nilivyotamani kuisikia. Hata ile Ijumaa nilikuwa nimesikia nilichokitaka. Pua ilikuwa imezoea kunitii mimi.

"Iko sawa?" mwenyekiti aliuliza.

Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

"Sijui, mama," nilisema. "Mpe huyu anuse."

Nikamwonyesha yule mwanamke niliyemrudisha mara mbili. Alinitazama kwanza, kisha akainama. Alinusa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kunusa mimi, akachota tena upande wa pili, akanusa.

"Bado," alisema, na sote tukarudi kwenye vichanja.