Yaya Albertine na Mikeka ya Mapasa

Albertine Misenga ni jirani yangu hapa Kindu, katika nyumba za reli, na mimi namwita yaya, dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri na ubishi. Kazi yake ni kufuma. Ukimkuta ameketi bila sindano na uzi mikononi, muulize anaumwa nini.

Wageni hutucheka. Joto lote hili, sufu ya nini? Sijui walilelewa na nani. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia, soksi na shali, hata kama mama yake anatiririka jasho.

Miaka ya vita, treni iliposimama na nyuzi zikawa hazifiki tena, yaya alianza kufumua sweta za watu wazima. Mume wake Lukusa, fundi wa reli, ndiye aliyevuliwa wa kwanza. Majirani wakafuata, na watoto waliozaliwa mtaani kwetu wakati ule wakavaa sweta za baba zao. Nathalie, binti wa yaya, ni mmoja wao.

Shida ilikuwa kunyoosha. Kitu kilichofumwa kikitoka kwenye sindano huwa kimejikunja. Lazima ukilowanishe, ukitandaze, ukishikize kwa pini kwa kipimo unachotaka, kisha ukiache kikauke hivyo hivyo. Yaya alikata kipande cha godoro lao la sponji, na Lukusa akawa analala miguu juu ya mbao. Sponji ile ilikunywa maji yote, ikanuka, na shali nyeupe zikatoka na rangi ya chai. Tulizipokea kwa vigelegele vilevile. Tulikuwa hai, na tulikuwa na watoto wa kufunika.

Mwaka jana Nathalie akazaa mapasa, ndivyo tunavyowaita mapacha. Wa kwanza ni Mbuyi, wa pili Kabanga, kama desturi ya watu wa Kasai, ambako ndiko asili yao. Mbuyi alitoka na mashavu yake. Kabanga alitoka mdogo hata niliogopa kumbeba, na wiki za kwanza kila aliyepita karibu yake aliinama kusikiliza kama anapumua.

Mapasa hupewa kila kitu sawasawa. Anayepunjwa hukasirika, na akikasirika huugua. Mama Emerance Kankolongo, mama mkwe wa Nathalie, analijua hilo kuliko sisi sote, lakini akaja na maneno yake.

"Albertine, ule wa pili umufumie shali kidogo. Mutoto iko mudogo sana. Ile kubwa itamumeza."

Hakusema kwa ubaya. Ila mimi nilisikia alichokimeza: kwamba uzi mwingi kwa mtoto yule ni uzi wa kupotea bure. Nilitaka kumjibu vibaya. Yaya akaniwahi.

"Sifumake nguo ya leo tu. Kabanga atakomea, atakuwa mukubwa mule ndani. Shali zitakuwa sawasawa, na siku ya kupeleka mapasa kanisa utazipima wewe mwenyewe, mbele ya batu."

Alikwishajifunga kwa kinywa chake. Shali zilipotoka kwenye sindano, ya Mbuyi ilikuwa pana na laini, na ya Kabanga ilikuwa fupi kwa kiganja kizima. Idadi ya mishono ilikuwa ileile. Lakini ile ya pili yaya aliifuma usiku ambao Kabanga aligoma kunyonya, na mkono wenye hofu hubana uzi. Sasa kunyoosha tu ndiko kungeweza kutuokoa.

Tukaenda kutafuta kitu cha kuzishikizia, sokoni kwa Kassim, anayeuza vyombo vya plastiki na ile mikeka ya sponji ya vipande vinavyoumana pembeni, ya watoto wa kutambaa. Yaya alikwenda na pini, chupa ya maji na kipande cha uzi mweupe. Mkeka mwembamba aliuchoma, pini ikatokea upande wa pili na kugonga meza. Ule wenye picha za tembo aliusugua kwa uzi uliolowa, uzi ukawa mwekundu.

"Mama Albertine!" Kassim akalalamika. "Mukeka yangu haigonjwe! Sindano ya nini?"

"Ngoja niyone kama iko na afya," yaya akajibu, akachoma mwingine.

Wa mwisho ulikuwa wa kijivu, mnene, hauna uzuri wowote. Pini iliingia ikasimama wima. Maji yalibaki juu yake kama kwenye jani la muhogo. Yaya akatabasamu. Lakini vipande vilitosha shali moja tu.

"Tutandaze moja juu ya ingine," nikasema. "Pini zilezile, kipimo kilekile. Yamekwisha."

"Na nani atalala chini? Mbuyi ao Kabanga?"

Kumtandaza mmoja leo na mwenzake kesho hakukubaliki pia. Maji yawe ya beseni moja, jua liwe la siku moja. Nilikasirika, nikamwambia achague basi hata wa tembo, mguu unaniuma. Kassim, aliyekuwa anatusikiliza, akaniangalia.

"Iko ya mapasa? Si mungesema!"

Akavua ndala, akaanza kung'oa mikeka ya kijivu aliyokuwa anaikanyaga mwenyewe nyuma ya meza. Ilikuwa michafu kupindukia. Tuliisugua kwa sabuni uani, tukiimba zile nyimbo zenye matusi ambazo desturi huruhusu kwa ajili ya mapasa, na siku nyingine watu wasingetuacha tuziimbe, kisha shali zikalowanishwa pamoja, na yaya akaivuta ile ya Kabanga taratibu, pini kwa pini, mpaka zikalingana.

Kanisani Mama Emerance aliweka shali juu ya mwenzake, pembe kwa pembe. Alizunguka meza. Hakupata tofauti hata ya upana wa ukucha. Halafu Kabanga akafungwa kwenye yake, ikakunjwa na kukunjwa tena, pua tu ikabaki inaonekana. Watu walicheka. Mama Emerance hakucheka, wala yaya.

Juzi niko kwa yaya, tunachambua mboga, Mama Emerance akaingia akihema na Kabanga mgongoni.

"Albertine, angalia! Miguu iko inje. Shali haimutoshe tena."

Miguu ilikuwa nje kweli, minene, inapiga mateke. Yaya aliishika yote miwili.

"Ufume ingine," Mama Emerance akasema. "Kubwa."

"Mbili," yaya akamsahihisha, huku machozi yakimtoka.