Uyoga wa Mama Wekesa

Niseme mapema: nilikuwa sahihi, na bado niko sahihi.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Kitale. Juzi mchumba wangu, Wekesa, alinipeleka kwao Ndalu nikajulishwe kwa jamaa. Mjomba wake, ambaye bila baraka zake hakuna harusi, alikuwa anakula ugali kwa uyoga.

"Mboga hii ni tamu, bana," akasema.

"Lakini uyoga si mmea, mjomba," nikadakia. "Wataalamu wameupa kundi lake. Undugu wake na wanyama ni wa karibu kuliko na sukuma wiki."

Akaacha kutafuna. Nikadhani somo limemwingia, nikaendelea: uyoga haujitengenezei chakula, hutegemea viumbe wengine kama sisi. Wekesa akanikanyaga mguu. Nikauvuta mguu wangu na kupandisha sauti.

Mjomba akatema kwenye kiganja, akamgeukia mama mkwe wangu mtarajiwa.

"Dada, si unajua niliapa kanisani sitakula nyama tena? Sasa umenilisha mnyama?"

Mama akanitazama, mwiko mkononi. "Muulize mwalimu."

Nyumba nzima ikanigeukia.

"Si mnyama," nikasema. "Ni jamaa yake tu."