Pole Niliyokatazwa Kutoa

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha ushauri nasaha, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo chetu hapa Bariadi, alinikuta nimemshika mama mmoja mkono nikimwambia pole. Alisubiri mama yule atoke.

"Bi Zuhura, pole ni ya msibani. Hapa tunatoa huduma. Ukianza kulia na wateja, nikutafutie na wewe mshauri?"

Mteja ndivyo tulivyomwita mtu aliyekuja kuzungumza nasi, si mgonjwa. Tulifundishwa mpaka wa kitaaluma: msikilize, mrudishie alichosema kwa maneno yako, ya kwako yaache nyumbani. Kwangu jambo hilo lilikuwa gumu. Madrasa ilinifundisha tangu utotoni kwamba mfiwa ana haki ya kupewa pole. Lakini nilikuwa mwajiriwa mpya, nikatii. Nilitii miaka mingi.

Ndipo akaja Minza, mwanamke kijana kutoka upande wa Kasoli. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki kwa homa, wakati wa kuvuna pamba. Alinisimulia bila chozi. Nami nikasema, kama nilivyofundishwa, "Ninasikia kwamba una maumivu makubwa."

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "mbona na wewe hunipi pole?"

"Na mimi? Nani mwingine amekunyima?"

"Wote. Mama mkwe alisema nimemroga mwanangu. Tangu siku hiyo majirani wanawasemesha ng'ombe wangu, mimi wananipita. Nikasema nije kwa watu waliosoma. Nao wakininyima pole, basi kweli ni mimi niliyemuua."

Kumbe uso wangu mtulivu, nilioufanyia mazoezi miaka yote, yeye aliusoma kama hukumu! Nilipofungua mdomo, yaliyotoka hayakuwamo kwenye mafunzo.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Hukumuua. Ni homa. Na mimi nilimzika wangu, wa miezi minane, nikajilaumu hadi nikashindwa kuomba dua."

"Wewe, mayu? Mwenye koti jeupe?"

"Mimi."

Hapo ndipo alipolia. Tulilia wote wawili, kisha tukaanza kazi.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza Mfawidhi.

"Umeandika nini kwenye faili?"

"Nimempa pole."

"Hiyo si huduma, Bi Zuhura."

"Ameomba kurudi Jumatano, dokta."

Alilifunga faili, akanirudishia.

Sasa nimestaafu, alhamdulillahi, na afya ninayo. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mpaka ule una maana yake. Sikummwagia Minza yote ya kwangu, maana saa ile ilikuwa yake. Namshukuru Mungu kwamba aliuliza. Kinachonishtua hadi leo ni wale wa kabla yake, ambao hawakuuliza. Walinyanyuka, wakaniaga kwa adabu, nami nikaandika kwenye faili: ametulia.