Siti mbili mpya, abiria watatu

Jamani, siti mpya za pikapu zimeniponza leo.

Wiki iliyopita niling'oa ile siti ndefu ya mbele, nikafunga mbili zilizotolewa kwenye gari dogo lililopata ajali. Nzuri, zinalala mpaka nyuma. Ile ndefu nikampelekea mama mkwe kule Bigwa, aikalie barazani.

Asubuhi mimi na mke wangu tukampitia, twende naye harusini Mikese.

Nikamfungulia mlango wa mbele.

Akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

Zamani mke wangu alikaa katikati yetu. Sasa katikati kuna gia tu. (Na mnajua kwetu: mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega.)

"Mimi nikae ubavuni mwa mkwe wangu, mwanangu akae nyuma kama gunia la karoti? Baba, nipakilie siti yangu huko nyuma."

Nikaitoa barazani, nikaifunga kwa kamba.

Mpaka Mikese mama na binti yake wanacheka tu huko nyuma, wanapungia watu.

Mimi mbele, peke yangu.

Jioni narudi. Anayetaka lifti aseme, mbele kuna nafasi.