Sahani za Kuoza za Wifi Agatha

Wifi yangu Agatha haamini maandishi. Anaamini macho yake na meno yake. Amepika kwenye harusi na misiba ya Mikumi miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akinunua mchele bila kuutafuna kwanza ukiwa mbichi, mbele ya muuzaji, huku amemkazia macho. Kaka yangu alipomposa, alisubirishwa miaka mitatu. Alikuwa anachunguzwa.

Mwezi wa tano akaja Upendo, meneja wa kambi moja ya watalii iliyo nje ya hifadhi, binti mwenye adabu na simu mbili. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akakaa. Kambi ilikuwa inaandaa siku ya mazingira kwa wageni mia mbili kutoka vijijini, na ilitaka mpishi. Mpishi akifanya vizuri, semina zote za kambi zitakuwa zake mwaka mzima.

Nilimwona Agatha akimeza mate. Kazi ya kupika misibani haina ratiba. Unakaa unasubiri watu wafe, halafu unajionea aibu kwamba ulikuwa unasubiri. Mwaka mzima wa kazi ya uhakika alikuwa hajawahi kuupata tangu aanze kushika mwiko.

"Ila mama, kuna sharti," Upendo akasema. "Tutatumia sahani za kutupa, na ziwe za kuoza. Tunachimba shimo, wageni wakishakula wanazitupa humo. Kesho yake wafadhili wanakuja kuliona shimo."

"Zitakuwa zimeshaoza?"

"Hapana mama. Waone tu kwamba zimeingia. Kuoza zitaoza taratibu."

Tukaenda Dumila kwa Kasian, muuza vyombo vya sherehe pale njia panda, mtu ambaye hajawahi kukosa kitu unachokitaka. Akatoa sahani moja nyeupe, inang'aa, ina jani la kijani limechorwa mgongoni.

"Hii ni mahindi matupu," akasema. "Mama, ukiitupa leo, wiki ijayo ni udongo."

Agatha akaing'ata. Akaigeuza, akaing'ata upande wa pili.

"Mahindi haya yamekomaa kupita kiasi," akasema.

Kasian akaleta ya pili, ya karatasi laini, na ya tatu ya rangi ya udongo, inayokwaruza ukiigusa, aliyosema ni makapi ya miwa yaliyogandamizwa. Zote tatu, kwa maneno ya Kasian, zilikuwa zinaoza kwa mashindano. Agatha akanunua moja moja, akamwambia atarudi akishajua nani mwongo.

Sasa utajuaje? Ukifukia ardhini utasubiri miezi, na sherehe ilikuwa wiki sita mbele. Lakini nyuma ya nyumba ya kaka yangu kuna kichuguu, na mchwa wa kichuguu kile tunawafahamu. Walishakula fremu ya mlango, kigoda, na Biblia ya marehemu baba yetu kuanzia Mwanzo hadi Waamuzi. Agatha akazilowesha sahani zake, akazipanga juu ya kichuguu, akaziwekea mawe zisipeperuke. Kila alfajiri akawa anakwenda kuinama pale na khanga yake kichwani, anawasemesha.

"Kuleni basi. Mlango wangu mliula bila kubembelezwa."

Nilimwambia asiongee kwa sauti. Hakunisikia, hanisikiagi. Siku ya nne mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Agatha wa Umoja wa Mama wa kanisani anatambikia kichuguu, tena kwa sahani mpya.

Siku ya tano akaja Mzee Rafaeli, mzee wa kanisa, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba." Akakaa, akakohoa. "Mama Agatha, wewe ni mtu wetu. Kama una tatizo, kanisa lipo. Hakuna haja ya kupeleka chakula kule nyuma."

"Chakula gani, mzee?"

"Hicho unachopeleka kwenye sahani."

"Sipeleki chakula. Napeleka sahani."

Mzee Rafaeli akaigeuzageuza kofia yake. Nadhani chakula angekielewa. Sahani tupu ilimtisha zaidi. Agatha akamshika mkono, akamtoa nje, akamwinamisha juu ya kichuguu kama mwanafunzi juu ya daftari.

Ile ya miwa ilikuwa imefunikwa udongo mwekundu, na Agatha alipoupangusa tukaona matundu matupu na ukingo umebaki kipande. Ile ya karatasi walikuwa wameila vizuri, lakini wakaacha ngozi nyembamba ya plastiki iliyokuwa imebandikwa juu ili mchuzi usipenye. Mchwa wameitenganisha kwa ustadi, wakaitema. Ile ya mahindi ilikuwa vilevile. Haikuwa na hata alama, isipokuwa za meno ya Agatha.

"Kwa hiyo," Mzee Rafaeli akasema polepole, "hawa ndio wakaguzi?"

"Hawali rushwa, mzee."

Akacheka mpaka akavaa kofia kinyume. Jumapili alilieleza kanisa zima, na nusu ya akina mama wakaja na vyombo vyao vipimwe.

Mimi ninayeamini maandishi nilisoma maandishi madogo mgongoni mwa ile ya mahindi, chini ya lile jani. Kweli zimetokana na mahindi, na kweli zinaoza, ila kwenye kiwanda maalumu cha mboji chenye joto kali kwa wiki kadhaa. Nilimpigia Kasian nikamuuliza kiwanda hicho kiko wapi. Akasema joto la Dumila nalo si haba.

Tukaagiza sahani mia mbili za miwa kutoka Morogoro.

Siku yenyewe wageni walitoka Mvumi, Kimamba na kwingineko. Agatha alipika pilau na nyama ya mbuzi, na sahani hazikulegea hata chini ya mchuzi. Shimo lilikuwa limechimbwa safi, lina kamba pembeni na kibao. Tukasubiri sahani zije.

Hazikuja.

Nikaenda nyuma ya jiko, nikakuta foleni kwenye pipa la maji. Akina mama wanasuuza sahani, wanazipangusa kwa pindo la khanga, wanazitia mikobani. Agatha akaja mbio, mwiko mkononi.

"Jamani, hizo ni za kutupa. Shimo lile pale."

Bibi mmoja wa Kimamba, Bibi Selestina, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, nitupe sahani nzima? Ina kosa gani?"

Agatha akashusha mwiko. Yeye mwenyewe anaosha na kukausha hata mifuko ya unga aitumie tena. Atamwambia nini mwenzake?

Shimoni tulikuta sahani tisa, zote zimevunjika. Tukamwona Upendo anakuja, na wifi yangu akanishika mkono kwa nguvu. "Mwaka wangu umekwenda," akaninong'oneza, na mimi niliyezoea kumtania nikaona machozi yanataka kunitoka.

Hakutafuta uongo. "Mwanangu, sahani zimekwenda majumbani. Nilizipima zioze, sikupima watu."

Upendo akatazama shimo, akatazama foleni. Mabinti wawili walikuwa wanagombea moja. Akakaa chini ukingoni pale pale, na sketi yake ya ofisini.

"Kesho nitawaonyesha wafadhili nini?"

"Waonyeshe watu hawa," Agatha akasema. "Umewaita uwafundishe wasitupe ovyo. Hawatupi kabisa."

Upendo akaitazama tena foleni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwa nini basi wanunue sahani za kutupa, za kuoza au zisizooza, kwa watu wa namna hii.

"Ukipewa kazi ya mwaka, mama, unaweza kuleta sahani za bati? Na watu wa kuziosha?"

Agatha alimtazama yule binti kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anavyoutazama mchele, nami nikaomba kimoyomoyo asije akamng'ata.

"Niandikie hayo," akasema, "halafu wifi anisomee."