Mwalimu Umejuaje na mtaa uliogoma kuhesabiwa

Ni Jumatatu asubuhi. Mwalimu anasimama mbele ya darasa akiwa na kipande cha chaki mkononi, na hajafungua kitabu chochote.

"Haya, wiki hii mmeniletea nini?"

Mikono inapaa. Msichana wa dawati la mbele anasema mjomba wake ametumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu: ile minara mipya ya mawasiliano ndiyo inayofukuza mvua. Mwalimu anaiandika habari hiyo ubaoni kwa herufi kubwa, kwa heshima ileile anayoiandikia kanuni ya hisabati. Kisha anageuka.

"Umejuaje?"

Darasa zima linaangua kicheko, maana swali hilo ndilo lililompa jina. Shuleni, sokoni, hata kwenye foleni ya zahanati, mwanamke huyu mwembamba mwenye sauti ya taratibu anaitwa Mwalimu Umejuaje. Jina lake la kwenye vyeti wengi walishalisahau.

"Tutafute mvua ya miaka ya kabla ya mnara na ya baada yake," anasema kijana wa nyuma.

"Halafu tuangalie na mahali pasipo na mnara," mwenzake anadakia.

Mwalimu anaandika yote. Hasemi kama habari ni ya kweli au ya uongo. "Nikiwaambia mimi, watakuwa wameniamini mimi tu," anamwambia mwandishi wa makala haya wanafunzi wakiwa wameinamia kazi. "Kesho atakuja mwenye sauti nzito kuliko yangu, wamfuate yeye."

Aliajiriwa kufundisha Hisabati. Mwenzake alipohamishwa, akabebeshwa Uraia. Mwingine alipostaafu, akaongezewa Maarifa ya Jamii. Alinung'unika wee, mpaka akachoka. Darasa lake wakati huo lilikuwa na wanafunzi wanaokaribia tisini, wengine wameketi madirishani, na shule ilikuwa na zamu mbili kwa sababu vyumba havikutosha.

"Nilikuwa nikirudi nyumbani sina sauti. Mume wangu alizoea kuzungumza na mimi kwa ishara," anasema, akicheka.

Kilichobadilisha mambo ni sensa.

Miezi michache kabla ya siku ya kuhesabu watu, ujumbe wa sauti ulizagaa mtaani. Mtu asiyejulikana alisema kwamba makarani wa sensa wataandika namba kwa chaki kwenye milango, na kila nyumba yenye namba itabomolewa, kwani ardhi imeshauzwa kwa siri kwa kampuni ya nje. Ujumbe ulimalizia: "Sambaza kabla hawajaufuta."

Aliyeusambaza kuliko wote alikuwa shemeji yake mwalimu, mdogo wa mumewe, fundi wa simu na redio. Mtaani anaitwa Redio, na si kwa sababu ya ufundi peke yake. Alikuwa na spika kubwa juu ya paa la kibanda chake, na kila aliyepita alisikia.

"Shemeji, zima hiyo kitu," mwalimu alimwambia jioni moja.

"Shemu, wewe unalipwa na serikali. Utasema nini tena?"

Mwalimu anasema maneno yale yalimchoma. Hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa amekata shauri: hatabishana naye nyumbani. Suala lile angelipeleka darasani.

Alianza na Uraia. Wanafunzi walisoma jinsi serikali inavyogawa walimu, madawati na dawa: kwa idadi ya watu. Kisha wakaingia kwenye Hisabati. Aliwaletea takwimu za sensa iliyotangulia, iliyofanyika wengi wao wakiwa bado wanatambaa, wakadirie idadi ya watoto wa mtaa wao waliotakiwa kuwa shuleni sasa.

Walikokotoa. Wakarudia. Kwa mujibu wa takwimu zile, mtaa mzima ulikuwa na watoto wachache kuliko waliojazana kwenye shule yao peke yake.

Ikabidi waende kuwauliza wazee wao. Majibu yakafanana: mwaka ule pia kulikuwa na uvumi. Watu walifunga milango, wengine wakafuta chaki kwa kitambaa kibichi karani alipogeuza mgongo.

"Msichana mmoja alisimama, kiranja wetu wa darasa," mwalimu anakumbuka. "Akasema, 'Mwalimu, kumbe sisi hatupo.' Nilishindwa kuendelea na kipindi."

Kiranja huyo ndiye aliyetoa wazo la kumwalika Redio. Mkuu wa shule alisita, akihofia vurugu. Mwalimu akamhakikishia kwamba mgeni hatazomewa.

Redio alifika amevaa shati lililopigwa pasi, kifua mbele. Alieleza yote aliyoyajua, wanafunzi wakimsikiliza kimya. Alipomaliza, kiranja akanyanyuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Makarani ni walimu wetu, na dada zetu waliomaliza shule. Wote hao wameinyamazia siri hii?"

"Wametishwa."

"Lakini fundi, mtaa huu mtu akinunua godoro jipya, kabla halijaingia ndani tumeshajua rangi yake."

Darasa lilicheka, na Redio mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini kicheko kilipopoa, alisema jambo ambalo mwalimu hakulitarajia. Miaka ya nyuma, kibanda chake cha kwanza kilichorwa alama nyekundu. Aliambiwa si kitu. Asubuhi moja akakuta tingatinga limekilaza chini, vifaa vya wateja vikiwa ndani.

"Ninyi mnaona chaki," aliwaambia. "Mimi naona tingatinga."

"Nilikuwa nimemwona mbishi miaka yote," anasema mwalimu. "Siku ile ndipo nilipomwelewa shemeji yangu. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameumia."

Wanafunzi hawakumwambia amekosea. Walimsomea sheria inayokataza kutoa nje majibu ya mtu aliyoyatoa kwenye sensa, na nyingine inayotaka mwenye jengo apewe notisi kabla ya kubomolewa. Kiranja akauliza swali la mwisho: "Fundi, ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba chaki haina madhara?"

"Nione maswali yenyewe kwa macho yangu," Redio alijibu. "Na mlango wa kwanza kuandikwa uwe wa mwenyekiti wa mtaa."

Mwalimu alimfuata mwenyekiti, mwenyekiti akawaita makarani. Siku ya kuhesabu ilipofika, watu walijaa mbele ya nyumba ya mwenyekiti kama wanaosubiri bibi harusi. Karani akaandika namba mlangoni. Redio, aliyekuwa ameshasoma maswali yote mstari kwa mstari, aliwaongoza makarani mpaka kwake, akajibu, akaandikiwa.

Kisha akapanda kibandani na kuwasha spika.

"Jamani, ni mimi! Niliogopeshwa, nikawaogopesha na ninyi. Mimi na wanangu tumeshahesabiwa. Fungueni milango!"

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa jirani yake, kisha wa ng'ambo, kisha mtaa mzima. Makarani waliohofia kufukuzwa walikaribishwa viti. Bibi mmoja alilalamika kwamba wamemruka.

Matokeo ya sensa yalipotangazwa, mtaa ulionekana kwa mara ya kwanza katika ukubwa wake. Mwaka uliofuata walikuja walimu wapya, na baada yao mafundi wa ujenzi. Leo shule ina jengo jipya, zamu ya mchana imekufa, na hakuna mwanafunzi anayekaa dirishani. Mwalimu amepunguziwa vipindi, lakini alipoombwa achague masomo ya kuacha, aligoma kuacha hata moja. Kiranja yuko chuoni, anasomea takwimu.

Na nyumba? Haikubomolewa hata moja.

"Uvumi mwingine upo, na mwingine utakuja," anasema mwalimu. "Sitaki kuumaliza. Nataka ukija utukute tumekaa macho."

Likizo ijayo atazunguka shule za jirani kuwafundisha walimu wenzake namna ya kukiendesha kipindi chake cha Jumatatu. Lakini mpango anaouwazia zaidi ni darasa la wazazi litakaloanza Jumamosi. Wa kwanza kujiandikisha ni mama mkwe wake, ambaye katika maisha yake hajawahi kuketi kwenye dawati.

"Ameniambia, 'Mkwe wangu, nikija na mimi nitakuuliza, na jibu lisiponiingia nitakubishia mbele za watu. Usije ukaninunia,'" anasimulia, akifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. "Nikamwambia, 'Mama, kaa mbele kabisa.'"