Mama Aliomba Kusimama

Nakumbuka siku niliyompandisha mama yangu ndege, mwanangu, ingawa sipendi kuikumbuka. Lakini siku hizi nawaona vijana wa Kolwezi mkienda China, Dubai, Ubelgiji, wengine mkiongozana na wazazi wenu. Basi acha niseme kabla nawe hujapanda ndege.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, fundi umeme kwenye mgodi upande wa Mutoshi. Dada yangu Béatrice alikuwa amejifungua mapacha Ubelgiji, akatutumia tikiti mbili ili nimpeleke mama akawaone. Mama alikuwa mkulima wa Kasaji. Alikuwa akirudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, mimi na baiskeli yangu nikihema nyuma yake.

Kosa nililianza mapema. Nilimnunulia viatu vya kubana ili afanane na mama wa mjini, na ndala zake nikaziacha nyumbani.

Tulipobadilisha ndege Addis Ababa, mama alikaa dirishani, mimi katikati, mzungu mmoja pembeni. Saa mbili hazijapita, mama akanigusa mkono.

"Mutoto yangu, miguu inaniuma. Acha nisimame kidogo."

"Mama, ikala. Bazungu banatuangalia."

Akakaa. Baadaye akataka kuvua viatu, nikamkataza. Mhudumu alipopita na maji, nilimjibu kwa Kifaransa kwamba mama hana kiu, maana niliogopa ataomba choo na itabidi tumsumbue yule bwana. Mama aliifuata chupa kwa macho.

Ng'ambo ya njia alikaa tata mmoja, mzee wa Likasi mwenye mvi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Petit, kijana yangu," akaniambia kwa upole, "muache mama atembee. Mutu si gunia."

Nikacheka kidogo, nikajifanya nasoma gazeti. Na yule mzungu niliyemwonea haya? Alikuwa ameshasimama mara tatu kujinyoosha, akitembea na soksi tu.

Tulipotua, mama hakuweza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Ulikuwa umevimba hadi goti. Kesho yake akaanza kukosa pumzi, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema damu iliganda mguuni na kipande kikapanda mapafuni. Kukaa saa nyingi bila kusogea kunaweza kuleta hayo, hasa kwa mtu wa umri wake.

Béatrice akauliza, "Mama, sababu gani haukusimama?"

Nilikuwa mlangoni. Mama aliniangalia, kisha akamjibu dada yangu, "Nililala tu, mutoto yangu. Usingizi ulinichukua."

Alinificha, mwanangu. Mimi nikanyamaza, nikafichika.

Mapacha aliwabeba akiwa kitandani hospitalini. Alipata nafuu, tukarudi, lakini mguu ule haukuwa mguu tena. Miaka sita iliyombakia aliishi kwangu Kolwezi, akikaa barazani, na shamba lake la Kasaji likawa pori. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwombe msamaha, nikaishia kumwuliza kama amekula. Tulimzika sijasema.

Kwa hiyo nisikilize. Ukipanda ndege ya safari ndefu, vaa kiatu kilegevu, ukivue ukitaka. Kila baada ya saa moja au mbili simama, tembea njiani hata hatua chache. Ukiwa umekaa, zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji. Choo kikiwa mbali na jirani amelala, mwamshe, mwombe radhi, upite. Hakuna anayekuangalia kama unavyodhani, na hata akikuangalia, mtashuka hamjuani. Ukiwa na mzee, usingoje aombe. Mwambie wewe kwanza, "Mama, tusimame." Na ukimkosea mzazi, mwambie angali anasikia, kwa sababu mimi sasa nazungumza na kaburi, na kaburi halinijibu.

Mungu akutangulie angani na akupokee nchi kavu. Akupe subira kwa wale uliokabidhiwa, nao wafike pamoja nawe wakiwa wazima. Nenda na amani, mwanangu.